Msimamizi wa Mirathi Si Mrithi

Arobaini ikipita na turubai kushushwa, ukoo hukaa kikao. Anachaguliwa mtu, mara nyingi kaka wa marehemu au mtoto mkubwa wa kiume, muhtasari unaandikwa, watu wanatia saini, na kila mmoja anarudi kwake akiamini kwamba jambo limekwisha. Miezi inapita. Siku moja mjane anaambiwa na mpangaji kuwa kodi ya nyumba sasa analipwa shemeji. Akiuliza anajibiwa, "Mimi ndiye msimamizi, mahakama imenipa." Mjane ananyamaza, kwa sababu karatasi yenye muhuri wa mahakama inatisha.

Mwongozo huu ni kwa ajili yake na watoto wake, na kwa ajili yako pia ambaye hujafiwa lakini una nyumba, kiwanja, fungu kwenye kikoba au salio kwenye simu. Unahusu Tanzania Bara, maana Zanzibar ina sheria na mahakama zake, ikiwemo ya Kadhi. Jambo kubwa ninalotaka ulishike ni hili: msimamizi wa mirathi amepewa kazi, hakupewa mali. Kazi hiyo ina hatua zake, ina fomu zake na ina muda wake wa mwisho, na kila mrithi ana haki ya kuufuatilia muda huo kwa jicho kali.

Siku za msiba

Msibani watu ni wengi na chumba cha marehemu huwa wazi. Ndugu wanaingia kutafuta shuka, kitenge, viatu vya kumvalisha. Mkoba wa nyaraka ukae mahali salama siku ileile, hata kama moyo hauko huko. Ndani yake tafuta hati ya nyumba au leseni ya makazi, mkataba wa mauziano ya kiwanja uliosainiwa mbele ya serikali ya mtaa, kadi ya gari, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, mikataba ya wapangaji, kitabu cha kikoba na barua za benki. Zipige picha zote kwa simu, kisha umtumie mtu mmoja unayemwamini aliye nje ya mvutano wa familia. Karatasi ikipotea baadaye, picha hiyo itakusaidia kuomba nakala, maana namba ya kiwanja na majina ya mashahidi yatasomeka.

Kadi ya benki ya marehemu iache ilivyo, na namba yake ya siri pia. Najua jinsi shida inavyobana: kuna jeneza, kuna usafiri wa kwenda kijijini, kuna chakula cha waombolezaji. Lakini mtu akishafariki, pesa zake ni mali ya mirathi, na anayezitoa kimyakimya hujitafutia lawama ambazo ndugu watazitumia dhidi yake mbele ya hakimu. Gharama za mazishi zinatambuliwa na sheria na hurudishwa kutoka kwenye mali ya marehemu kabla warithi hawajagawana. Tunza risiti.

Kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Akifia hospitali, fomu ya kuthibitisha kifo hutolewa pale pale. Akifia nyumbani, anza kwa mtendaji wa kijiji au wa kata. Cheti chenyewe kinatolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, kupitia ofisi za msajili wilayani au mfumo wake wa mtandaoni. Kabla ya kuondoka dirishani soma jina herufi kwa herufi. Mirathi nyingi hukwama kwa sababu hati ya kiwanja inasema Yusufu, kitambulisho cha taifa kinasema Joseph, na cheti cha kifo kina jina la tatu alilozoeleka nalo mtaani. Kama majina yalishatofautiana, kula kiapo mbele ya wakili au hakimu kuthibitisha kuwa ni mtu mmoja, na ukifanye mapema.

Kama marehemu alikuwa na mkopo benki, uliza kama ulikuwa na bima. Mikopo mingi ya wafanyakazi hukatiwa bima ya kifo, na familia zisizouliza zimejikuta zikilipa deni ambalo kampuni ya bima ndiyo ilipaswa kulimaliza.

Kikao na mahakama

Kikao cha ukoo kina heshima yake. Kinakutanisha watu, kinataja warithi na kinampendekeza msimamizi. Uwezo wake unaishia hapo, kwenye kupendekeza. Mwenye mamlaka ya kuteua ni mahakama, na mahakama inaweza kumteua mtu mmoja au zaidi kati ya wenye maslahi katika mirathi hiyo. Mjane anaweza kuomba mwenyewe. Binti anaweza kuomba. Hakuna sheria inayosema msimamizi awe mwanamume wala awe wa ukoo wa mume.

Ushauri wangu kwa familia zenye wasiwasi ni kuomba wasimamizi wawili: mjane na mtu mmoja wa upande wa marehemu ambaye watoto wanamwamini. Kila mmoja atamwona mwenzake anachofanya. Na ukisaini muhtasari wa kikao, hakikisha majina ya warithi wote yamo, pamoja na watoto waliozaliwa nje ya ndoa na wale wadogo wasiojua kinachoendelea. Usisaini karatasi tupu, hata ukiambiwa kwamba katibu atakwenda kuichapa. Muhtasari usiotaja mtoto fulani leo ndio utakaotumika kesho kudai kwamba mtoto huyo hakuwahi kujulikana.

Ombi hupelekwa Mahakama ya Mwanzo ya eneo ambalo marehemu alikuwa na makazi yake ya kudumu, kama mirathi inafuata sheria ya mila au ya Kiislamu. Hili la makazi lishike sana. Mtu ameishi Kimara miaka ishirini, ana nyumba na familia hapo, halafu ndugu wanakwenda kufungua mirathi wilayani kwao Kilimanjaro au Kagera, mbali na mjane, na anapokuja kujua usimamizi umeshatolewa. Mahakama ya mahali ambapo marehemu hakuwa na makazi ya kudumu haina uwezo wa kusikiliza mirathi yake, na hoja hiyo peke yake imetosha kubatilisha teuzi nyingi. Mirathi isiyofuata mila wala Uislamu huenda Mahakama ya Wilaya ikiwa ndogo, au Mahakama Kuu, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352. Huko mwombaji aliyechelewa zaidi ya miaka mitatu tangu kifo lazima aeleze sababu ya kuchelewa.

Baada ya ombi kupokelewa, mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Pingamizi linaandikwa kwa lugha ya kawaida. Mahakama ya Mwanzo huendesha mambo yake kwa Kiswahili tangu zamani, kwa hiyo usiogope kwenda mwenyewe, ukamweleza karani unachotaka na ukasimama mbele ya hakimu. Wakazi wa Temeke jijini Dar es Salaam wana nafuu zaidi: pale kuna Kituo Jumuishi kinachoshughulikia mirathi na ndoa, ambapo mahakama za ngazi tofauti ziko sehemu moja.

Miezi minne

Hapa ndipo mali nyingi hupotelea, nami sitapita haraka.

Msimamizi akishateuliwa na Mahakama ya Mwanzo hupewa hati ya usimamizi. Kwa hati hiyo anaweza kwenda benki, kwa waajiri, kwa ofisi ya ardhi na kwa wadeni. Kanuni za usimamizi wa mirathi katika Mahakama za Mwanzo, zilizotungwa mwaka 1971, zinamtaka ndani ya miezi minne apeleke mahakamani Fomu Namba 5, yenye orodha kamili ya mali na madeni ya marehemu. Baada ya hapo, kwa vipindi ambavyo mahakama itaweka, anapeleka Fomu Namba 6, yenye hesabu: kilichoingia, kilicholipwa, kilichouzwa na kilichogawiwa. Mirathi iliyofunguliwa Mahakama Kuu au ya Wilaya ina muda mrefu zaidi, miezi sita kwa orodha na mwaka mmoja kwa hesabu, na muda huo unaweza kuongezwa kwa sababu ya msingi.

Andika tarehe ya uteuzi ukutani kama huna pengine pa kuiandika. Mwezi wa tano ukiingia, nenda masijala ya mahakama na namba ya shauri, uombe kuona kama fomu imewasilishwa. Ikiwa ipo, isome mstari kwa mstari. Je, nyumba ya Mbagala imo? Shamba la Kibaha? Pikipiki mbili za bodaboda? Kodi ya vyumba sita tangu siku ya msiba imeandikwa wapi? Kwa vyumba sita vya shilingi 60,000 kila kimoja, hiyo ni 360,000 kwa mwezi, na kwa miezi minne ni 1,440,000. Kodi ya nyumba ya marehemu ni mali ya mirathi tangu siku ya kifo, na msimamizi anayeila bila kuiandika anakula mali ya warithi.

Kuna hatua moja ya ofisi ya ardhi inayowachanganya watu. Ili mali yenye hati ihamishwe kutoka kwa marehemu, msajili wa hati kwanza huandika jina la msimamizi, kama mwakilishi wa marehemu. Warithi wengi wakiona jina la baba mdogo kwenye hati hukata tamaa. Na wako baba wadogo wanaolitumia jina hilo kuwaambia wapangaji, hata mabenki, kwamba nyumba ni yao. Jina lile limewekwa hapo kwa safari moja tu, ya kutoka kwa marehemu kwenda kwa warithi. Ukinunua nyumba ya mirathi, usiridhike na hati ya usimamizi peke yake: kaa na warithi wote watu wazima, waone, wasaini.

Msimamizi asipowasilisha fomu, akificha mali, au kama aliupata uteuzi kwa kudanganya kuhusu warithi, mwandikie hakimu wa mahakama ileile barua ya malalamiko ukitaja namba ya shauri na jambo lenyewe. Mahakama inaweza kumwita ajieleze, ikamwondoa na kuweka mwingine, na kama ametia hasara anawajibika kuilipa kutoka mfukoni mwake. Uamuzi usioridhika nao hukatiwa rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Hapa ndugu hukuambia, "Subiri, tutayamaliza nyumbani." Mnaweza kuyamaliza nyumbani huku rufaa yako ikiwa imeshapokelewa.

Nani anapata nini

Tanzania Bara ina njia tatu za kurithi, na tofauti kati yake ni kubwa kiasi cha kuumiza. Chukua mali safi ya shilingi milioni 72 baada ya madeni, mjane mmoja, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, wazazi wa marehemu hawapo.

Kwa sheria ya Kiislamu mjane mwenye watoto anapata thumuni, yaani milioni 9. Zinazobaki, milioni 63, hugawanywa kwa watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike: yeye milioni 31.5, kila binti milioni 15.75. Kwa sheria ya kiserikali, ambayo ni ile ya mirathi ya India ya mwaka 1865 tuliyorithi kutoka kwa wakoloni na bado inatumika, mjane anapata theluthi moja, milioni 24, na watoto wanagawana sawa milioni 48, kila mmoja 16, bila kujali jinsia.

Kwa sheria ya mila kama ilivyoandikwa mwaka 1963, mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha watu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Binti yumo katika daraja la tatu, la mwisho. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake iliiambia Tanzania kwamba kanuni hizi zinawabagua wajane, katika lalamiko lililopelekwa na wajane wawili wa Kitanzania. Nasema kwa uwazi: kanuni hizi ni dhuluma na zilipaswa kufutwa zamani.

Ndiyo maana swali la "sheria ipi itumike" linastahili kupiganiwa tangu siku ya kwanza. Kabila la marehemu halimalizi swali hilo. Mahakama huangalia namna alivyoishi na alichokusudia: alifunga ndoa gani, aliishi wapi, alizikwa kwa taratibu zipi, aliendesha nyumba yake kwa mila za kwao au alikwishaziacha. Mkristo aliyefunga ndoa kanisani, akaishi mjini na kurudi kijijini kwa Krismasi tu, ana msingi mzuri wa kutofungwa na mila. Leta cheti cha ndoa, leta mashahidi wa jumuiya na wa kazini.

Na hata penye mila, Katiba ina nguvu. Katika wilaya ya Muleba, Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo, na mpwa wake Bernardo Ephrahim akafungua kesi kwamba mwanamke wa Kihaya hana haki ya kuuza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kuwa ubaguzi huo unapingana na haki za binadamu zilizomo katika Katiba, na mauzo yakabaki halali.

Mengine mawili kwa kifupi. Mwanamke aliyeishi na mwanamume miaka miwili au zaidi na jamii ikawajua kama mume na mke anaweza kuegemea kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kinachodhania kuwa ndoa ilikuwepo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtu yeyote kumnyima mtoto kufaidi mali ya mzazi wake kwa kiasi kinachostahili.

Uliye hai

Kilicho chako hakirithiwi na mtu mwingine kwa sababu mwenzi wako amefariki. Tatizo ni kuthibitisha. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa kinasema mali iliyonunuliwa kwa jina la mwanandoa mmoja inadhaniwa kuwa yake, na iliyo kwa majina ya wote wawili inadhaniwa kuwa yao kwa mafungu sawa. Kwa hiyo mama unayechangia matofali kila mwezi huku mkataba wa kiwanja una jina la baba peke yake, hujajiwekea chochote mbele ya shemeji atakayekuja. Mkinunua kiwanja, andikeni majina mawili. Sheria ya Ardhi inawaruhusu wanandoa kumiliki kwa pamoja kwa namna ambayo mmoja akifariki sehemu yake inabaki kwa aliye hai. Mwambieni ofisa ardhi kwamba mnataka umiliki wa namna hiyo, na mhakikishe umeandikwa hivyo.

Kisha andika wosia. Wako wanaosema kuandika wosia ni kujiitia kifo. Jirani zangu wengi wanaoamini hivyo wameacha watoto wakigombana juu ya kaburi bichi. Chini ya mila, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma unahitaji mashahidi wawili wanaojua kusoma, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua kusoma anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wosia wa mdomo nao unataka mashahidi wasiopungua wanne. Mwislamu anaweza kuusia hadi theluthi ya mali yake kwa wasio warithi, na kilichobaki kinafuata mafungu. Shahidi asiwe mtu anayenufaika na wosia huo. Weka tarehe, saini kila ukurasa, na uhifadhi RITA, kwa wakili au benki, kisha mwambie mtu mmoja ulipo.

Ukikosa pesa za wakili, usikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria walioko wilayani, na taasisi kama TAWLA, WLAC na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimesaidia wajane wengi kuandika pingamizi na malalamiko bila malipo. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii katika halmashauri yako.

Lakini usichelewe. Dai la ardhi lina ukomo wa miaka 12, na kwa ardhi aliyofariki nayo marehemu akiwa anaimiliki, hesabu huanza siku ya kifo chake. Kama baba yako alifariki miaka tisa iliyopita na shamba lake liko mikononi mwa mtu mwingine, umebakiwa na miaka mitatu. Nenda mahakamani wiki hii, na cheti cha kifo mkononi.